Je, wajua kwa nini mabunge ya kaunti Kenya hutimiza theluthi ya wanawake, ilhali Bunge la Taifa hushindwa?

Katiba ya Kenya ya 2010 ni moja na agizo lake ni moja: kifungu cha 81(b) kinakataza jinsia moja kushika zaidi ya theluthi mbili ya viti vya chombo chochote cha kuchaguliwa. Mabunge ya kaunti hulitimiza. Bunge la Taifa halijalitimiza hata mara moja, na kiini chake ni hesabu.

Kwenye kaunti, kifungu cha 177 hakikutaja idadi ya viti maalum. Kura za wadi zikishahesabiwa, Tume ya Uchaguzi (IEBC) hupima pengo lililobaki, huongeza viti vya kuliziba, kisha huvigawa kwa vyama kulingana na wadi ambazo kila chama kimeshinda. Chukua kaunti ya wadi 30 iliyochagua wanaume 27 na wanawake 3. Bunge likiwa na watu 40, wanaume ni asilimia 67.5, wamevuka mpaka. Lazima jumla ya wajumbe ifike 41. Kwa hiyo wanawake 11 wanaingia kupitia orodha za vyama.

Bunge la Taifa halina mwanya huo, kwa kuwa kifungu cha 97 kimefunga idadi: wabunge 290 wa maeneobunge, wawakilishi wanawake 47 wa kaunti na 12 wa kuteuliwa. Jumla ni 349 bila Spika, na theluthi yake ni wanawake 117. Mwaka 2017 maeneobunge yote 290 yalichagua wanawake 23 tu. Ongeza wale 47, kisha wape wanawake hata nafasi zote 12 za uteuzi: unapata 82. Bado wanapungua 35.

Kuongeza viti kunahitaji kubadili Katiba, yaani kura 233 katika Bunge hilo. Februari 2019 zilipatikana 174. Tarehe 21 Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga, akitumia kifungu cha 261(7), alimshauri Rais alivunje Bunge kwa kutotunga sheria ya kutimiza agizo hilo la theluthi. Mahakama Kuu ikasimamisha ushauri huo, na wabunge wakamaliza muhula wao hadi 2022. Ni aibu kwamba walioshindwa kutekeleza Katiba ndio hao hao wanaoshika ufunguo wa kuirekebisha.

Njia ya kaunti nayo ina kasoro isiyosemwa vya kutosha. Kwa kuwa pengo huzibwa baada ya kura, chama hakipotezi kitu kikisimamisha wanaume watupu kwenye wadi. Naye mwanamke aliyeingia kwa orodha hana wadi yake. Muhula ukiisha, anakwenda kwenye mchujo wa chama kumkabili mwanamume ambaye kwa miaka 5 amekuwa akizindua visima na barabara mbele ya wapigakura wale wale.