Lithiamu haijaisha, ni kathodi imechoka

Juzi nilikuwa Luthuli Avenue, Nairobi, fundi akafungua simu ya dada mmoja, betri imevimba kama mandazi, akamwambia "madam, lithiamu imeisha." Hapana jamani. Lithiamu haichomeki kama petroli. Ukichaji inatoka kwa kathodi, ule upande chanya, inaenda kukaa kwa grafiti, ule upande hasi, ukitumia simu inarudi. Kuvimba ni gesi, elektroliti, ule umajimaji wa ndani wenye lithiamu hupitia, ndiyo imeharibika. Ni kweli kuna lithiamu hunaswa kwa utando unaojijenga juu ya grafiti, lakini kathodi nayo huchakaa na hiyo hakuna mtu hukuambia.

Ingine ni ati simu ikisoma 100% lithiamu yote imetoka kathodi. Wapi! Kwa kathodi ya kobalti, ile mwanasayansi John Goodenough na wenzake walitoa Chuo Kikuu cha Oxford 1980 na Sony wakaingiza sokoni 1991, ukifika volti 4.2 karibu nusu ya lithiamu bado iko ndani, na imeachwa makusudi, juu kathodi imejengwa kwa tabaka na lithiamu inakaa katikati yake, ukiitoa sana zile tabaka zinaanza kuporomoka na oksijeni inatoka.

Sasa wengine husema basi wajaze nikeli, nikeli nyingi ndiyo betri poa. Kubeba chaji inabeba kweli, hasa ile ya 811, yaani nikeli 8, manganizi 1, kobalti 1. Lakini chembe yake ni kama zile simsim za mviringo wanauza kwa jam, mbegu kibao zimeshikana, na ukichaji kila mbegu inanywea kivyake, ukitumia inavimba tena, inanywea, inavimba, mwishowe nyufa zinatokea katikati ya mbegu, elektroliti inapenya na kuanza kula kathodi kutoka ndani. Dawa yenye mimi naiamini ni kristali moja, kila mbegu ijisimamie, hakuna maungio ya kupasukia. Mtafiti Jeff Dahn na timu yake kule Chuo Kikuu cha Dalhousie, Kanada, wamechaji betri za hivyo maelfu ya raundi na zikabaki na nguvu nyingi sana. Wengine hupaka chembe utando mwembamba wa alumina, yaani alumini na oksijeni, nayo inasaidia.

Halafu hii ya ati betri za chuma na fosfati ni za bei ya chini so ni mbovu, hii hunikasirisha. Fosforasi imeshika oksijeni kwa nguvu sana, haitoki ovyo, ndiyo maana zinafika raundi elfu mbili na zaidi, na kobalti haimo kabisa. Uzito ndio bei yake. Jamaa wa boda ya stima pale steji yetu aliniuliza mbona betri yake inamvunja mgongo, tukasoma stika, ni ya chuma na fosfati, volti 76.8, na kila seli ya aina hiyo ni volti 3.2, gawa unapata seli 24 zimepangwa ndani.

Yule dada wa Luthuli aliwekewa betri mpya, akaniuliza kama alale ikichaji mpaka 100. Nikamwambia aweke kikomo 80%, hapo lithiamu ya kutosha inabaki kushikilia tabaka.