Pushapu Tisa Zisizokuwapo

Wiki iliyopita mpwa wangu, kijana wa miaka 21 aliye katika mwaka wake wa tatu kwenye Jeshi la Nchi Kavu la Marekani, alinitumia ujumbe kunieleza, kwa furaha ya mtu aliyeokota noti njiani, kwamba sajenti aliyempima katika jaribio la utimamu wa mwili alimwandikia pushapu tisa zaidi ya zile alizopiga. Nilipomuuliza kama alisema lolote, alinijibu kwa maneno ambayo nimeyasikia kutoka kwa makuruti, kwa masajenti wenzangu, na hata kwa luteni mmoja aliyepaswa kuwa na akili zaidi: "Mjomba, ni pushapu tu. Hakuna aliyeumia."

Mimi niliingia jeshi hilo kupitia MAVNI, ule mpango ulioidhinishwa mwishoni mwa 2008 na kuwafungulia mlango wageni wenye lugha zilizohitajika, Kiswahili kikiwa mojawapo. Nikafika cheo cha sajenti wa pili, na kwa miaka kadhaa nilikuwa ndiye ninayesimamia majaribio ya kombania: kuwapanga wapimaji, kushika saa, kukusanya kadi za alama na kutia sahihi. Kwa hiyo sentensi hiyo ya mpwa wangu nimeijibu mara nyingi kwa mdomo, nikiwa nimechoka, saa kumi na mbili asubuhi, kwenye nyasi zenye umande. Leo nitaijibu kwa maandishi ili wa pili atakayeniambia nimtumie kiungo tu.

Wanaosema hivyo huamini kwamba alama ni siri ya watu wawili na kadi, na kwamba mpimaji anapoongeza kitu anatoa cha kwake, kama muuza unga anayetupia kiganja cha ziada juu ya pishi ili mteja arudi kesho. Kiganja kile kimetoka katika gunia la muuzaji. Lakini alama za jaribio hugeuzwa pointi za kupandishwa cheo, na pointi hizo hazikutoka katika gunia la sajenti yeyote.

Hesabu yenyewe nitaipita haraka. Katika utaratibu ulioanza kutumika 2011, ambao ndio niliopandia na ndio niliowapandishia wengine, askari anayewania usajenti alihesabiwa jumla isiyozidi pointi 800. Elimu ya kiraia ilimpa 135 kwa upeo, nishani 125, kozi za kijeshi 200, na mafunzo ya kijeshi 340. Hizo 340 zilitoka mahali pawili tu: shabaha 160, na jaribio la utimamu wa mwili 180. Yaani dakika 2 za pushapu, dakika 2 za sitapu na mbio za maili 2 zilikuwa na uzito kuliko elimu yote ya chuo ambayo askari angeweza kuileta mezani. Anayedhani kwamba "ni pushapu tu" hajawahi kulitazama jedwali hilo, au amelitazama na kulisahau kwa makusudi.

Kisha kuna foleni. Makao makuu hayakumpandisha kila mtu aliyefikia kiwango fulani cha ubora. Kila mwezi yalitazama nafasi zilizo wazi katika kila fani, yakaishuka orodha ya wanaosubiri kutoka juu kwenda chini, na pale nafasi zilipoishia ndipo kizingiti cha mwezi huo kilipowekwa. Katika fani yenye upungufu wa watu kizingiti kilishuka hata mtu wa kawaida akavuka. Katika fani iliyojaa kilipanda hadi 798 kati ya 800, ambayo ni namna ya adabu ya kusema kwamba mlango umefungwa. Askari aliyeongezewa anapouvuka mstari huo, yule aliyekuwa wa mwisho juu yake anakuwa wa kwanza chini yake. Huyo yuko kambi nyingine, pengine Korea, pengine Ujerumani. Hatajua jina la aliyemtoa wala la aliyeshika kalamu, ataambiwa tu asubiri mwezi ujao. Huyo ndiye aliyeumia, na kwa kuwa hatuonani naye tunasema hayupo.

Sasa nije kwenye jambo linaloniudhi kweli, kwa sababu watu wengi wakisikia habari ya alama za uongo huwaza askari mvivu anayekata pushapu katikati mpimaji akiangalia pembeni. Hiyo ipo, lakini ni sehemu ndogo, na ndiyo sehemu ya uaminifu zaidi, kwa maana angalau kuna mwili uliokuwa ukijitahidi. Lazima tutofautishe jicho lililokosea, jicho lililohurumia na kalamu iliyoandika. Vitabu vya mafunzo huvichanganya vyote vitatu katika neno moja, uadilifu, kisha huendelea na sura inayofuata.

Jicho hukosea. Katika APFT, lile jaribio la zamani la utimamu wa mwili, mpimaji alitakiwa kupiga goti au kuketi kama futi 3 kutoka kwenye bega la mpimwa, kwa pembe ya digrii 45, kichwa chake kikiwa usawa wa bega hilo, ili aone kama mkono wa juu umefikia usawa wa ardhi. Pushapu isiyotimia haihesabiwi. Mpimaji hurudia namba ya mwisho iliyo halali. Basi unamsikia: "Thelathini na nane. Thelathini na tisa. Thelathini na tisa. Thelathini na tisa." Kwa aliye chini, namba inayorudiwa ni kama mlango unaopigwa komeo mbele ya uso wake, na nimewaona wanaume wazima wakitokwa na machozi ya hasira juu ya ile thelathini na tisa ya tatu. Wakati huo jua linachomoza nyuma yake, fulana yake imelegea na kuficha kiwiko, nawe umekwisha kupima watu kumi. Je, mkono ulifika usawa? Mara nyingi sikuwa na hakika, na ninasema hivyo ingawa nilitia sahihi kwamba nina hakika. Nikiwekwa mbele ya kadi zangu zote leo, ningekubali kwamba kila moja ina makosa ya pushapu mbili au tatu, huku na huku. Hilo ni kosa la kipimo, na likiwa linaangukia pande zote mbili kwa wote, foleni haiharibiki sana.

Jicho la huruma ni tofauti kwa sababu lina upande. Nilipoanza kuwapanga wapimaji niligundua kwamba sajenti anayempima askari wa kikundi chake husikika akirudia namba mara chache kuliko anapompima mgeni aliyehamia wiki iliyopita. Hakuna aliyekusudia. Ukimjua mtu, ukijua kwamba ana mtoto mchanga na hakulala, jicho lako linaukamilisha mkono wake kabla haujafika. Dawa niliyoipata ilikuwa ya kijinga na ilifanya kazi: nilikataza mtu kumpima askari wa kikundi chake mwenyewe. Wapimaji walinung'unika mwezi mzima. Alama za kombania zikashuka, nami nikaitwa ofisini kueleza kwa nini tumekuwa dhaifu ghafla.

Na kalamu je? Kalamu haihitaji mwili wowote. Jambo lililonifungua macho halikuwa la kusimuliwa, lilikuwa kadi yangu mwenyewe. Mimi ni mtu wa pwani, nimekulia Mombasa, na katika utoto wangu mbio ndefu kuliko zote zilikuwa za kulikimbilia gari la abiria. Lakini kwa Mmarekani, Mkenya ni Mkenya, hasa baada ya Paul Chelimo, mzaliwa wa Kenya na askari wa jeshi hilohilo, kupata medali ya fedha ya mita 5,000 mjini Rio mwaka 2016. Siku moja katika kikosi ambacho sitakitaja nilimaliza maili 2 nikiwa katikati ya kundi, nikipumua kama mvukuto. Mpimaji wangu alikuwa akizungumza na mtu. Nilipopewa kadi nilikuta dakika 13 kamili, muda uliokuwa ukimpatia kijana wa miaka 17 hadi 26 alama zote 100. Nilikuwa nimekwisha kuipita miaka hiyo, na muda wangu halisi ulikuwa mbali sana na huo. Hakunionea huruma wala hakutaka kunipa zawadi. Aliandika kile ambacho kila mtu alijua kuhusu Wakenya.

Nilikwenda kumwambia. Alicheka, akabadilisha, na tangu siku hiyo akaniona mtu mgumu. Nakiri kwamba nilisimama na ile kadi mkononi kwa muda kabla ya kwenda, na muda huo haukuwa mfupi kama ninavyopenda kuusimulia.

Kwa nini kadi hujazwa mezani? Wakubwa hupenda kujibu kwamba ni maadili yaliyolegea, na jibu hilo huwapendeza kwa sababu haliwagusi. Mwaka 2002 Leonard Wong, mtafiti wa Chuo cha Vita cha Jeshi la Marekani, alionyesha kwamba kamanda wa kombania alikuwa na siku 256 za mafunzo katika mwaka, na mafunzo ya lazima aliyoamriwa yalihitaji siku 297. Mwaka 2015 yeye na Stephen Gerras walirudi na ripoti iliyosema wazi kwamba maofisa wamezoea kuthibitisha yasiyofanyika hadi hawahisi tena kwamba wanasema uongo. Jaribio rasmi la utimamu wa mwili lilitakiwa mara mbili kwa mwaka kwa kila askari. Siku 41 zisizokuwapo zinatoka wapi? Zinatoka kwenye kalamu. Sajenti wa kadi anayetakiwa kuripoti asilimia 100 kufikia Ijumaa, huku askari sita wakiwa likizoni na wawili wakiwa na vyeti vya daktari, amekwisha kufundishwa na walio juu yake kwamba namba ni kitu cha kutimizwa. Akifika kwenye pushapu za mpwa wangu, mkono wake tayari umezoea.

Wala sisemi hivi kumpa udhuru. Taarifa rasmi ya uongo ni kosa chini ya kifungu cha 107 cha sheria ya kijeshi ya Marekani, na adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka 5 na kufukuzwa kwa aibu. Sijawahi kuona mtu akifikishwa huko kwa ajili ya pushapu, na ndiyo sababu kifungu hicho kwa kadi za mazoezi kimebaki kama sanamu ya kutishia ndege shambani: ndege wameshajenga kiota juu ya kofia yake.

Kuna mambo mawili ambayo sijayamaliza moyoni. Sina uhakika kwamba kasi ya maili 2 inatuambia lolote la maana kuhusu nani atakuwa sajenti mzuri. Baadhi ya masajenti bora niliowafuata walikuwa na magoti mabovu, na mmoja wa wabaya kabisa alipata alama zote 300 za APFT kila mara bila kusaidiwa na mtu. Jeshi lenyewe linaonekana kuhangaika na swali hilo, maana APFT ya tangu 1980 iliondolewa, jaribio jipya la ACFT lenye matukio 6 likaanza kuhesabiwa rasmi 2022, na 2025 likaja jingine, AFT, lenye matukio 5. Hata hivyo mizani mbovu na mizani iliyochezewa ni vitu viwili, na hoja ya kwanza haimruhusu mtu kufanya la pili.

Jambo la pili moyoni mwangu ndilo zito. Nilipokuwa mkali, si mimi niliyelipa. Mshahara wangu ulikuwa uleule na cheo changu kilikuwa kimekwisha kutoka. Nilikuwa na askari mmoja, fundi wa redio mwenye bidii, aliyekaa miezi saba chini ya kizingiti kwa pointi chache, wakati fani yake hiyohiyo katika vikosi vingine ilikuwa ikipandisha watu ambao, kwa nilivyowajua wapimaji wao, sidhani kama walimshinda. Siku moja aliniambia, bila kupaza sauti, kwamba ninajisafisha kwa maji ya watu wengine. Sikuwa na jibu, na hadi leo sina. Nilimwekea programu ya mbio, tukakimbia pamoja kila alfajiri, mimi nikiwa nyuma, akapunguza sekunde 50 na kupanda. Lakini ile miezi saba hakurudishiwa, na siwezi kudai kwamba mkono wangu mkali ulikuwa wa haki kamili wakati mizani ya jirani ilikuwa na jiwe chini yake.

Basi nimemwandikia mpwa wangu namna ya kwenda kwa mkuu wake wa kikundi na kuomba alama irekebishwe kabla haijaingia katika hesabu ya cheo, au aombe apimwe upya na mtu mwingine. Amenijibu kwamba likija kugundulika atasema hakujua. Hapo ndipo kanuni inapokuwa na makali ambayo vijana hawayasomi. Askari aliyepandishwa kimakosa hufutiwa cheo. Anaweza kuruhusiwa kubaki na mshahara aliokwisha kuupokea, ikiwa tu aliupokea kwa nia njema, yaani bila kujua kwamba kuna kasoro. Ujumbe wake bado uko kwenye simu yangu, na ndani yake amehesabu mwenyewe: tisa.