SHA, kodi na kaunti: ugomvi wa bima ya afya uko wapi hasa

Ukitaja SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali ya Kenya iliyochukua nafasi ya mfuko wa NHIF, kwenye baraza la kahawa hapa Mombasa, utasikia majina ya vyama kabla ya kusikia jina la ugonjwa wowote. Huyu anataka NHIF irudishwe, yule anasema wanaolalamika wametumwa. Kazi yangu ni ufadhili wa afya, yaani kusoma sheria, bajeti na viwango vinavyolipwa hospitali, na naona mjadala huu unapita mbali na pale pesa zinapoamuliwa.

Tuanze na wasichobishania. Hakuna chama kikubwa Kenya kinachosema serikali ijitoe katika matibabu. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, imempa kila mtu haki ya kiwango cha juu zaidi cha afya kinachowezekana, na ikakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Marekani hali ni tofauti. Kule sheria ya bima ya afya ya Barack Obama ya Machi 2010 ilipita katika Baraza la Wawakilishi kwa kura 219 dhidi ya 212 bila kura hata moja ya chama cha Republican, na swali kuu lilikuwa kama serikali ina haki ya kumlazimisha raia awe na bima. Sisi swali hilo tulishalijibu. Tunalogombania ni nani atoe pesa, nani azishike, na nani aachiwe pengo.

Ndiyo maana nasema vyama havitakupa jibu. Mwaka 1989 serikali ya KANU ilileta ada katika hospitali za umma, wakati wa masharti ya IMF na Benki ya Dunia. Mwaka 2004 serikali ya NARC ilizipunguza ikaweka shilingi 10 kwenye zahanati na 20 kwenye kituo cha afya, na mwaka 2013 serikali ya Jubilee ikaziondoa katika ngazi hizo mbili. Mwaka huohuo wa 2004 Charity Ngilu, akiwa Waziri wa Afya, alipeleka bungeni mswada wa bima ya afya kwa wote. Bunge lilipitisha, lakini Rais Kibaki hakuutia saini. Upinzani mzito ulitoka Wizara ya Fedha, waajiri na kampuni za bima, si chama pinzani. Na sheria za sasa? Zilipita 2023 muungano tawala wa Kenya Kwanza na ule wa upinzani wa Azimio wakikabana koo. Machi 2025 UDA ya Kenya Kwanza na ODM ya Azimio wakatia saini mkataba wa kushirikiana. Asilimia 2.75 ya mapato, ambayo ndiyo mchango wa SHA, haikusogea hata nukta.

Basi tuiangalie hiyo asilimia. Sheria nne zilitiwa saini tarehe 19 Oktoba 2023, na SHA ikaanza kazi tarehe 1 Oktoba 2024. Ndani yake kuna hazina tatu ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni ya afya ya msingi, inayolipa zahanati na vituo vya afya. Ya pili ni SHIF, ambayo ndiyo inayopokea mchango wako na kulipia kulazwa, upasuaji na mengineyo. Ya tatu ni ya dharura na magonjwa sugu, ambayo hushika pale SHIF inapoishia. Mchango wako unaingia katika ya pili peke yake. Ya kwanza na ya tatu zinategemea Bunge litenge kodi kila mwaka.

Kwa mwenye mshahara hesabu ni rahisi: chukua mshahara kabla ya makato, zidisha kwa 0.0275, na matokeo yasipungue shilingi 300 kwa mwezi. NHIF ilikuwa na madaraja kuanzia 150 hadi 1,700. Mwenye 20,000 alikuwa akikatwa 750, sasa ni 550. Mwenye 50,000 alikatwa 1,200, sasa ni 1,375. Mwenye 200,000 alikatwa 1,700, sasa ni 5,500, wala hakuna kikomo juu. Mpaka uko karibu na mshahara wa 32,700. Aliye chini ya hapo ama amepata nafuu ama amebaki palepale, isipokuwa wale wa chini ya 6,000 ambao makato yao yaliongezeka maradufu kutoka 150. Mwajiri haongezi chochote, tofauti na ushuru wa nyumba ambako yeye na mfanyakazi kila mmoja hutoa asilimia 1.5. Kwa hiyo kelele nyingi za mitandaoni zinatoka kwa wenye mishahara ya juu. Si kosa kulalamika, ila wakisema "wananchi wanaumia" ni vyema tujue ni wananchi gani.

Wanaoumia kwelikweli ni wasio na hati ya mshahara, na mji huu umejaa hao: vibarua wa bandarini, wachuuzi wa Kongowea, madereva wa tuktuk, wavuvi, wapishi wa mahamri na viazi karai. Kwao kiwango hukadiriwa kwa maswali kuhusu kaya: nyumba imejengwa kwa vifaa gani, maji yanatoka wapi, choo ni cha aina gani, mnapikia nini, mna mali gani. Mfumo unageuza majibu kuwa makadirio ya kipato. Kisha unatakiwa kulipa mwaka mzima kwa mkupuo. Kiwango cha chini ni 300 mara 12, yaani 3,600. Ukikadiriwa kuwa kaya yako inaingiza 25,000 kwa mwezi, unadaiwa 8,250.

Hapa ndipo pwani inapokwama. Mtu anapanga chumba kimoja katika nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita kule Kisauni au Likoni. Kuta ni za mawe, umeme upo, bomba lipo uani. Vyote ni vya mwenye nyumba. Mpangaji akijibu kwa nia njema kuhusu nyumba, anaonekana ana uwezo kuliko alivyo. Halafu kuna majira. Mvuvi mwenye mashua ndogo hatoki sana kusi ikichacha, na kazi za hoteli hupungua kuanzia Aprili hadi Juni. Kumdai mtu wa namna hii pesa za miezi 12 siku moja ni kumtoa nje ya mfumo kwa mlango wa nyuma. Serikali imeanzisha mpango wa kulipa pole pole kwa mkopo, lakini mkopo ni deni, na deni la bima kwa mtu mzima wa afya ndilo la kwanza kuachwa.

Ushauri wa vitendo: unapojisajili kwa *147# usijibu kwa haraka. Andika vitu ambavyo ni vyako, si vya nyumba unamopanga. Weka mke au mume na watoto wote mapema, kwa sababu mtegemezi asiyeandikwa huja kugundulika mlangoni mwa wodi. Kiwango kikikushtua, peleka malalamiko katika ofisi ya SHA kabla ya kulipa, maana kurudishiwa pesa ni safari nyingine.

Lakini kwa nini malipo ya mkupuo yaliwekwa? Si ukatili mtupu. Kikao kimoja cha kusafisha figo kinalipwa shilingi 10,650. Mgonjwa wa vikao viwili kwa wiki anahitaji 1,107,600 kwa mwaka, ambayo ni michango yote ya kaya takriban 308 zinazolipa kiwango cha chini, bila mmoja wao kuugua hata malaria. Wakiruhusiwa kulipa mwezi mmoja pale tu wanapougua, watabaki wagonjwa peke yao na hazina itakauka. NHIF ililizuia hilo kwa kipindi cha kungoja, SHA kwa malipo ya mwaka. Wamarekani walijaribu adhabu ya kodi, Mahakama yao ya Juu ikaikubali mwaka 2012, na Bunge lao likaishusha hadi sifuri kuanzia 2019. Tatizo ni lilelile kila pembe ya dunia.

Msimamo wangu ni huu, na najua utawaudhi wengine: asiye na mshahara asidaiwe mchango wa kulazimishwa kwa kukisiwa. Achukuliwe na kodi, ambayo tayari anailipa kila anaponunua mafuta na kuweka vocha ya simu. Gharama ya kumsaka, kumkadiria na kumfuatilia ni kubwa, na tunachokusanya ni kidogo. Anayepinga hili ana hoja nzito, kwamba kodi nayo ina mipaka na deni la taifa ni zito. Huo ndio ubishi wa maana juu ya kazi ya serikali, na ningependa kuusikia kwenye majukwaa ya kampeni badala ya kubishania jina la shirika.

Tupime hizo ahadi za kodi. Katika bajeti ya 2025/26 hazina ya afya ya msingi ilitengewa shilingi bilioni 13.1. Ukigawanya kwa watu waliohesabiwa mwaka 2019, hiyo ni takriban 275 kwa mtu kwa mwaka mzima. Kwa watu 1,208,333 wa Kaunti ya Mombasa ni kama milioni 333. Ndizo zinazotakiwa kubeba huduma ya "bure" katika zahanati zote za Mvita, Nyali, Jomvu, Changamwe, Kisauni na Likoni. Mama akiambiwa dawa imekwisha akanunue nje, asimlaumu muuguzi kwanza.

Sehemu ya mwisho ni kaunti, na hapa wengi hupotea. Jedwali la Nne la Katiba limeipa serikali ya kitaifa, yaani Nairobi, sera na hospitali za rufaa za kitaifa; kaunti zimepewa vituo vya afya, dawa, ambulensi na huduma ya msingi. Hospitali Kuu ya Pwani, Port Reitz, Tudor na Likoni ziko mikononi mwa kaunti, ingawa Hospitali Kuu hupokea wagonjwa wa Kwale, Kilifi, Taita Taveta, Tana River na Lamu. SHA ikichelewa kulipa, kaunti inanyooshea Nairobi kidole; glavu zikikosekana, Nairobi inanyooshea kaunti. Sheria ya 2023 ya uboreshaji wa vituo inasema pesa inazokusanya hospitali zibaki hospitalini zitumike huko, zisizame katika akaunti kuu ya kaunti. Mimi naiona ndiyo bora kuliko zote nne, na ndiyo isiyozungumzwa.

Unaweza kuifuatilia bila kungoja uchaguzi. Kwa sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012, kaunti huwasilisha mpango wa maendeleo wa mwaka kufikia 1 Septemba, waraka wa mkakati wa fedha kufikia 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Nenda kikao cha wadi ukiwa na nakala ya makadirio, fungua kurasa za idara ya afya, utafute mistari mitatu: mapato yanayotarajiwa kutoka SHA, mgao wa dawa na vifaa, na kiasi cha mapato ya hospitali kilichorudishwa kwa hospitali yenyewe. Linganisha na mwaka uliotangulia. Mapato yakipanda na mgao wa dawa ukibaki palepale, mwombe mwakilishi wadi aeleze tofauti imekwenda wapi, na hakikisha swali lako limeandikwa kwenye kumbukumbu za kikao.