Mtoto, kuku wa uani na kuharisha: acheni kusingizia meno

Hapa Tanga, kuanzia Makorora hadi Duga, nyumba nyingi zina kuku uani, na watoto huwapenda na kuwabeba. Hatuna ugomvi na kuku. Maswali haya tunaulizwa na kina mama wanaoleta watoto wanaoharisha, na wengi wamechelewa.

Kuku wetu ni wazima, wanataga vizuri. Watamwambukizaje mtoto?

Kuku mzima kabisa anaweza kubeba salmonela au kampilobakta tumboni bila dalili yoyote. Vijidudu hivyo hutoka na kinyesi, vikashika manyoya, miguu, maganda ya mayai, chombo cha maji na mchanga wa uani. Mtoto anayetambaa hugusa vyote, kisha mkono unakwenda mdomoni. Salmonela huonekana baada ya saa 6 hadi siku 6, kampilobakta mara nyingi siku 2 hadi 5: kuharisha, homa, tumbo kukata, pengine damu kwenye choo.

Ana miezi minane, anaharisha na ana homa. Si meno tu?

Si meno. Umri wa kuota meno ndio umri wa kutambaa na kuokota kila kitu chini, ndiyo maana mambo haya yanakuja pamoja. Jino linaleta udenda, ufizi kuwasha na kulialia. Halileti choo cha majimaji mara 3 au zaidi kwa siku. Halileti homa kali. Kila juma tunaona mtoto aliyewekwa nyumbani siku tatu, nne, "anaota meno huyo", anafika macho yameingia ndani na hana hata machozi ya kulilia. Meno hayaharishi.

Bibi yake anasema ni meno ya plastiki, yatolewe.

Hapana. Bibi tumheshimu, lakini kwa hili asisikilizwe. Hakuna meno ya plastiki. Kile cheupe kilicho chini ya ufizi ni jino la utoto ambalo halijatoka. Kulichokonoa kwa wembe au spoku ya baiskeli kunaleta kutoka damu, usaha, pepopunda, hata virusi vya Ukimwi kama chombo kimeshatumika kwa mwingine. Na kuharisha kunaendelea palepale, kwa sababu chanzo hakiko kinywani. Mtoto anayeharisha anakufa kwa kuishiwa maji. Mpeni maji, msimpeleke kukatwa ufizi.

Nikimpa maji si ataharisha zaidi?

Hata usipompa ataharisha, ila atakauka. Chukua pakiti ya ORS, dawa ya kuongeza maji mwilini. Soma pakiti: nyingi ni za lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Ile chupa kubwa ya maji ya dukani ni lita 1 na nusu. Ukiijaza yote, dawa imekuwa nyepesi. Mwenye umri chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo, kwa kijiko. Akitapika, subiri dakika 10, endelea polepole. Yaliyobaki baada ya saa 24 yamwage. Ziwa la mama lisikatwe. Aliyeanza kula apewe uji, na maji ya dafu yanafaa pia, soda haifai. Dawa ya kufunga tumbo asipewe kamwe, wala vidonge vilivyobaki kabatini, wala dawa ya kuku. Ndiyo, wapo wanaompa mtoto dawa ya kuku.

Lini nisisubiri?

Damu kwenye choo, macho kuingia ndani, kushindwa kunyonya au kunywa, kutapika kila kitu, kulegea, degedege, au ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole. Dalili moja inatosha kumleta kituo cha afya, hata usiku. Chini ya miezi 2, mlete kwa kuharisha tu. Msipitie kwa mganga kwanza.

Basi niuze kuku wote?

Si lazima. Watengee banda lenye mlango, mbali na jiko na kisima. Wasilale chumbani, hata kama mnaogopa wezi. Vifaranga nao wasiwekwe kitandani wala kubusiwa. Fagia kinyesi kila asubuhi kabla mtoto hajatoka, ukiwa umevaa viatu vinavyobaki bandani. Mtoto acheze juu ya mkeka upande ambao kuku hawafiki. Tundika kibuyu chirizi na sabuni mlangoni mwa banda: anayetoka anaosha mikono sekunde 20, maji yakitiririka. Beseni moja la wote halisafishi kitu.

Na nyama na mayai?

Yai liive hadi kiini kigande. Kuku aive hadi mchuzi wa mfupani usiwe na wekundu. Kibao ulichokatia kuku mbichi kioshwe kwa sabuni na maji moto kabla ya kukatia kachumbari. Kuku aliyekufa mwenyewe haliwi, hata akiungwa nazi. Mfukieni kwenye shimo refu.

Kuharisha kumekata siku ya pili. Niache zinki, vile vidonge alivyopewa kwa kuharisha?

Usiache. Miezi 6 na kuendelea ni miligramu 20 kwa siku, chini ya hapo ni 10, siku 10 kamili, kidonge kikiyeyushwa kwenye kijiko cha maji safi au maziwa ya mama.