Je, wajua kwa nini mwalimu asiyejiunga na chama cha walimu hukatwa pesa za chama?

Miaka kadhaa iliyopita jirani yangu wa Changamwe, hapa Mombasa, mwalimu ambaye ndio kwanza alikuwa ameajiriwa na serikali, alinionyesha stakabadhi yake ya mshahara kwenye simu. Hakuwa mwanachama wa chama chochote cha walimu. Hakujaza fomu, hakutia sahihi popote. Lakini kwenye orodha ya makato palikuwa na mstari wenye jina la chama na neno linalomaanisha uwakala. Nikamwambia bila kusita kuwa ameibiwa, aende akadai chake. Akaenda, asubuhi nzima ikaishia kwenye foleni, akarudi na jibu kwamba makato yale ni halali.

Nilikuwa nimekosea, na wengi hukosea papo hapo: tunadhani pesa zote ziendazo kwa chama ni za uanachama. Katiba ya Kenya, ibara ya 36, inakataza mtu kulazimishwa kujiunga na chama cha aina yoyote. Ukishasoma hivyo ni rahisi kuamini kwamba asiyejiunga hadaiwi kitu. Lakini Sheria ya Mahusiano ya Leba ya mwaka 2007 inatenganisha malipo mawili. Kifungu cha 48 ni cha ada ya mwanachama, ambayo haikatwi mpaka mwenyewe aidhinishe kwa sahihi. Kifungu cha 49 ni cha ada ya uwakala, nayo haingoji sahihi ya anayekatwa. Chama kikishaafikiana na mwajiri mkataba wa pamoja, yaani wa mishahara na masharti ya kazi, na mkataba ukasajiliwa mahakamani, kinaweza kumwomba Waziri wa Leba aamuru wafanyakazi wanaofunikwa na mkataba huo bila kuwa wanachama wakatwe ada hiyo. Kwa hiyo jirani yangu hakuwa ameingizwa chamani kwa mlango wa nyuma. Alikuwa bado nje, ila analipia kitu.

Kitu gani? Chukua nyumba ya Kiswahili ya Majengo: vyumba sita, ukumbi katikati, paa moja la mabati lililoanza kuvuja. Wapangaji watano wanachanga. Wanamtuma mjumbe kwa mwenye nyumba mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nauli inatoka mfukoni mwao, na mwandishi wa barua naye analipwa. Mpangaji wa sita anakataa kuchanga. Mwishowe mwenye nyumba anakubali, na fundi anapanda. Sasa fundi ataezekaje vyumba vitano akiacha cha sita kivuje? Paa ni moja. Mvua ya masika ikija, yule wa sita atalala pakavu kama wenzake.

Mkataba wa walimu nao ni paa la namna hiyo, kwa sababu sheria imeuunda hivyo. Kifungu cha 59 kinasema masharti yake yanaingia katika ajira ya kila mfanyakazi anayehusika, awe na kadi ya chama au asiwe nayo. Mkataba uliotiwa sahihi Julai 2025, wa miaka minne na wa shilingi bilioni 33.8, ni wa jinsi hiyo. Kinachoombwa kwa mpangaji wa sita ni mchango wa nauli na barua. Hapigi kura kumchagua mjumbe, wala hawezi kugombea ujumbe. Mimi naona ni haki, ingawa naelewa uchungu wa kuona mshahara ukipunguzwa bila kuulizwa.

Paa hili lina mipaka. Walimu wa shule za umma za msingi na sekondari mwajiri wao ni mmoja, Tume ya Huduma za Walimu, TSC, iliyoundwa mwaka 1967. Ndiyo maana matawi ya Mombasa ya vyama vya walimu, KNUT, cha tangu 1957, na KUPPET, cha tangu 1998, hupokea malalamiko ya walimu wa hapa lakini meza ya mazungumzo iko Nairobi, na mwalimu akihamishwa kutoka Likoni hadi Lodwar bado yuko chini ya paa lile lile. Mwalimu wa chekechea ya umma hapa Mombasa hayumo, kwa kuwa elimu hiyo iko chini ya kaunti. Wa shule ya kibinafsi naye hayumo. Hata ndani ya TSC, wale wa ngazi za usimamizi wasiohesabiwa miongoni mwa wanaoweza kuwakilishwa na chama, ada ya uwakala haiwahusu.

Sheria imemkumbuka pia anayefikiria kujitoa chamani ili aokoe pesa: siku anapojiuzulu uanachama, papo hapo anastahili kukatwa ada ya uwakala. Lisilofaa ni mwalimu mmoja kukatwa zote mbili kwa chama kimoja, ya uanachama na ya uwakala. Ukiona mistari hiyo miwili pamoja kwenye stakabadhi yako, hapo ndipo safari ya ofisini ina maana. Jirani yangu alikuwa na mstari mmoja tu. Mwaka uliofuata alijaza fomu ya uanachama, akasema kama ni kulipa atalipa, lakini na kura ya tawi aipige.