Kirutubisho cha ziada na kidonda cha leza jichoni

Kirutubisho cha ziada ni vitamini, madini, mafuta au dondoo la mmea lililotiwa kwenye kidonge au unga ili kujazia kile ambacho chakula hakikutosheleza. Si dawa. Dawa hutakiwa ithibitishe kwamba inatibu kabla haijauzwa, ilhali kirutubisho katika nchi nyingi huhesabiwa ni chakula. Ndiyo maana chupa huandikwa “husaidia afya ya macho” na si “huponya”. Tofauti hiyo humhusu sana mtu aliyefanyiwa leza jana na leo anaulizia vidonge vya kuharakisha mambo.

Mambo gani hasa?

Leza ya kurekebisha uoni huchonga konea, ule utando angavu ulioko mbele ya jicho kama kioo cha saa. Unene wake katikati ni kama nusu milimita tu. Haina mishipa ya damu, maana ingekuwa nayo mwanga usingepita vizuri. Oksijeni huipata hewani kupitia machozi, na chakula chake kingi hutoka kwenye majimaji yaliyo nyuma yake. Kidonge unachomeza, basi, hakiendi moja kwa moja kwenye kidonda. Hupitia tumboni na damuni, na mwili hukigawa unavyoona inafaa.

Aina za upasuaji nazo huacha vidonda tofauti. Kwenye LASIK daktari hukata kifuniko chembamba cha konea, hukikunja pembeni, huchonga tabaka la chini kwa leza, kisha hukirudisha bila kushona. Kwenye PRK hakuna kifuniko: ngozi ya juu ya konea huondolewa pale katikati, leza hupita, halafu jicho huvalishwa lenzi laini ya kukinga kidonda.

Chini ya lenzi hiyo ndipo kupona kunapoonekana waziwazi. Siku mbili za mwanzo jicho linawasha, machozi yanachuruzika, mwanga unachoma. Wakati huo seli zinatambaa kutoka pembezoni kuelekea katikati, pande zote kwa pamoja, kama utandu unavyojifunga juu ya maziwa yanayopoa. Kwa kawaida hukutana kati ya siku ya 3 na ya 5, na zikikutana huacha kituta kidogo palepale unapotazamia. Wengi hushtuka: maumivu yamepungua, mbona naona ukungu zaidi? Kituta hicho husawazika chenyewe kadiri siku na wiki zinavyopita. Anayenunua chupa ya vitamini siku hiyo ataisifu baada ya wiki mbili, kumbe kazi imefanywa na seli zake.

Sisemi vitamini hazina kazi. Bila vitamini A ngozi ya konea hukauka, na upungufu ukizidi konea yenyewe huharibika. Ni moja ya sababu kubwa za upofu kwa watoto wasiopata lishe ya kutosha. Mwenye upungufu akiongezewa hupata nafuu kubwa. Asiye na upungufu hana pengo la kujaziwa, na mwili haufanyi kazi ya kesho leo kwa sababu umepewa dozi mbili.

Vitamini C ina hoja nzuri zaidi. Mwili huihitaji kutengeneza kolajeni, nyuzi ambazo ndizo sehemu kubwa ya konea, na jicho huilimbikiza kwa kiwango kinachopita kwa mbali kile cha damuni. Baadhi ya madaktari huwapa wagonjwa wa PRK miligramu 500 mara mbili kwa siku wakitarajia kupunguza ukungu wa kovu. Wazo lina mashiko, ila ushahidi bado ni mwembamba. Ukungu huo hukingwa zaidi kwa dawa iitwayo mitomaisini wakati wa upasuaji, matone ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) baadaye, na miwani ya jua.

Halafu kuna omega-3, aina ya mafuta yapatikanayo hasa kwenye samaki, inayotajwa kila ukavu wa macho unapozungumzwa. Ukavu baada ya leza una chanzo chake: mishipa ya fahamu ya konea imekatwa, hivyo jicho haliupi ubongo taarifa kamili kwamba limekauka, na machozi hupungua. Mishipa hiyo huota tena kwa miezi kadhaa. Mwaka 2018 yalitoka matokeo ya utafiti wa Marekani uitwao DREAM, uliohusu macho makavu kwa jumla, ukiwa na watu 535. Kundi moja lilimeza miligramu 3,000 za omega-3 kila siku kwa mwaka mzima, jingine mafuta ya zeituni. Makundi yote mawili yalipata nafuu, bila tofauti ya maana kati yao.

Luteini na zeaksanthini, rangi asilia za mimea, zilipata jina kwenye utafiti wa AREDS2 wa mwaka 2013, uliohusu kuchakaa kwa retina uzeeni. Retina, utando unaopokea mwanga, iko nyuma ya jicho, na leza hii haikuigusa.

Lipo jambo moja ambalo hakuna kirutubisho kinacholifikia. Kifuniko cha LASIK hushikana vizuri ukingoni, lakini chini yake mshiko hubaki dhaifu kuliko konea isiyokatwa. Kuna watu ambao kifuniko chao kilisogea baada ya kugongwa jicho miaka mingi baadaye. Kinachokilinda siku za mwanzo ni ngao ya plastiki usiku na kutofikicha jicho.

Hatari huja chupa zikiwa mbili tatu. Kikomo cha retinoli, yaani vitamini A iliyo tayari, kwa mtu mzima ni mikrogramu 3,000 kwa siku, na mjamzito akipitiliza anamhatarisha mtoto. Zinki kikomo chake ni miligramu 40, maana ikizidi kwa muda mrefu huupunguzia mwili shaba. Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda, kama warfarini, asianze omega-3 wala vitamini E bila kumwambia daktari. Chupa zote zibebwe siku ya kliniki, hata ile ya “mitishamba tu”, ili daktari asome mwenyewe maandishi madogo ya nyuma.