Siku thelathini baada ya operesheni: maswali ya wagonjwa na jamaa zao, Malindi na Lamu

Maswali haya huulizwa sana na jamaa wanaosubiri nje ya wodi mtu wao akishatolewa thieta. Majibu yametoka kwenye tafiti zilizofanywa kwa wagonjwa wenyewe, na kadhaa kati yake zilifanyika hapa hapa Afrika.

Mgonjwa wetu ametoka thieta na ameamka. Si tumeshavuka hatari?

Mmevuka sehemu moja. Watu wengi huogopa ile saa ya kisu, kumbe kisu si pale panapoua zaidi. Mwaka 2019 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofuatilia wagonjwa 40,004 wa miaka 45 na kuendelea, katika nchi 14, kwa siku 30 baada ya upasuaji. Waliofariki walikuwa 715. Waliofia ndani ya thieta ni watano tu. Mia tano walifia hospitalini baadaye, na 210 walifariki baada ya kuruhusiwa kwenda nyumbani. Hao 210 ndio wanaonifanya niandike haya, maana nyumbani hakuna nesi. Kuna ninyi.

Kwa Afrika, utafiti uliochapishwa 2018 uliangalia wagonjwa zaidi ya 11,000 katika hospitali 247 za nchi 25. Karibu mmoja kati ya watano alipata tatizo baada ya upasuaji. Wagonjwa wetu walikuwa vijana kuliko wa mabara mengine, lakini vifo vyao vilikuwa mara mbili ya wastani wa dunia.

Matatizo yenyewe ni yapi?

Linaloongoza ni kidonda kuingia vijidudu na kutunga usaha. Kisha kuna nimonia, damu kuganda kwenye mishipa ya miguu na kupanda mapafuni, kuvuja damu ndani, na figo au moyo kushindwa kazi.

Watafiti wanajuaje kwamba jambo fulani linazuia matatizo hayo? Si wanakisia tu?

Wangekisia tungeumia. Kuna dawa ya kutuliza mapigo ya moyo ambayo madaktari wengi waliamini itamkinga mgonjwa wakati wa upasuaji, na ukiifikiria inaingia akilini. Ilipojaribiwa kwa wagonjwa zaidi ya 8,000, matokeo yakatoka 2008: waliopewa walipata shambulio la moyo kwa uchache zaidi, lakini waliopooza kwa kiharusi na waliokufa wakawa wengi zaidi. Bila jaribio lile, watu wangeendelea kupewa kwa nia njema kabisa.

Namna ya kujaribu ni kupiga kura, kama ya bahati nasibu. Kompyuta ndiyo inayoamua mgonjwa yupi au hospitali ipi ifuate njia mpya, na ipi iendelee na ya zamani. Daktari hachagui, kwa sababu akichagua atawapa njia mpya wale anaowaonea huruma au wenye nguvu, na mwisho hamtajua kilichosaidia ni dawa au ni afya ya mtu.

Mfano ninaoupenda ni wa 2022. Hospitali 81 za nchi saba, zikiwemo Rwanda, Ghana na Nigeria, zilipangwa kwa kura. Upande mmoja, kabla ya kushona tumbo, timu nzima ilivua glovu, ikavaa mpya na kuchukua vyombo vingine safi. Upande wa pili uliendelea kama kawaida. Wagonjwa walikuwa zaidi ya 13,000. Waliopata usaha kwenye kidonda walikuwa asilimia 18.9 upande wa kawaida, na 16.0 upande wa glovu mpya. Tofauti inaonekana ndogo, lakini kati ya kila wagonjwa mia, karibu watatu waliepushwa na kidonda kilichooza, kwa glovu na vyombo safi tu.

Na utafiti mwingine wa nchi hizo hizo, wa 2021, ulionyesha kwamba dawa ya bei kubwa ya kupaka ngozi na nyuzi maalumu zenye dawa hazikushinda iodini ya kahawia na nyuzi za kawaida. Habari hiyo nayo ni nzuri kwa hospitali isiyo na fedha ya kutupa.

Mbona nimerudishwa nyumbani bila antibiotiki? Jirani yangu alipewa za wiki nzima.

Swali hili huja na hasira, na nalielewa. Mtu anahisi amenyimwa haki yake. Lakini dawa hii kazi yake kubwa ni kuwa tayari ndani ya damu wakati ngozi inapokatwa. Shirika la Afya Duniani linaelekeza itolewe ndani ya dakika 120 kabla ya kisu, na isiendelezwe baada ya operesheni kwa ajili ya kinga tu. Vijidudu huingia wakati tumbo liko wazi. Ukianza kumeza vidonge kesho yake, vimeshaingia.

Hapa Kenya jambo hili lilipimwa katika hospitali ya Thika. Zamani wagonjwa wengi walikuwa wakipewa dawa baada ya upasuaji, kwa siku kadhaa. Hospitali ikabadili utaratibu, ikaanza kuitoa kabla. Vidonda vilivyoingia vijidudu juujuu, kwenye ngozi, vikapungua, na wauguzi wakapumzika kuchoma sindano zisizo na faida. Matokeo yalichapishwa 2013. Kwa hiyo swali la kumuuliza daktari ni hili: "Nitapewa dawa kabla ya kuanza?" Kama una maambukizi tayari, kwa mfano kidoletumbo kimepasuka, hapo dawa ni tiba, na utaimaliza yote kama ulivyoandikiwa. Na tafadhali usinunue vidonge viwili vitatu vya kujihami dukani.

Ninyoe kabla ya kwenda?

Usinyoe. Wembe huacha mikwaruzo usiyoiona, na vijidudu hukaa humo. Oga kwa sabuni, nenda. Nywele zikizuia kazi, zitapunguzwa hospitalini kwa mashine.

Mama ana mshono tumboni, sisi tunamwambia alale. Manesi wanamwinua. Hawamwonei?

Wanamsaidia. Anayelala chali siku nzima huku akiogopa kukohoa kwa sababu ya maumivu, makohozi hutulia chini ya mapafu na nimonia hufuata. Damu nayo hutulia miguuni. Huko Australia na New Zealand, wagonjwa waliokuwa wakisubiri upasuaji wa tumbo la juu walifundishwa na mtaalamu wa viungo kwa dakika 30, mara moja tu, kabla ya operesheni: namna ya kuvuta pumzi ndefu, kukohoa, na kuanza mazoezi hayo mara tu wanapoamka. Waliopata shida ya mapafu walikuwa asilimia 12. Wale waliopewa karatasi ya maelezo peke yake walikuwa asilimia 27.

Basi mkalishe mama. Mpe mto aubane tumboni anapokohoa. Avute pumzi ndefu kila saa akiwa macho, na atembee mpaka mlangoni, kesho mpaka uani. Akiumia sana hata hawezi kuvuta pumzi, mwambieni nesi. Dawa ya maumivu ni sehemu ya kinga.

Mzazi aliyejifungua kwa kupasuliwa, tumkande kwa maji ya moto kama kawaida?

Najua kumkanda mzazi ni mapenzi, na mabibi zetu hawakufanya kwa ubaya. Lakini tumbo lenye mshono lisikandwe. Maji ya moto huunguza ngozi ambayo bado ina ganzi, hulainisha kidonda, na mkono mzito huweza kukifungua. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, usikandwe wala usichuliwe hata kidogo. Huenda kuna damu iliyoganda, na ikisukumwa huenda mapafuni. Mpelekeni hospitali.

Mkaja mwepesi na safi unaoshika tumbo huwapunguzia wengine maumivu. Uliokazwa sana hutunza jasho juu ya kidonda kibichi. Asali, manjano, kahawa, majivu, visipakwe. Mapenzi hayo yahamishieni kwenye sahani: samaki, mayai, kunde, maharage, maana nyama mpya hujengwa kwa chakula.

Tunakaa Faza, kisiwani Pate. Tutajuaje wakati wa kurudi hospitali?

Msisubiri kuona kama itatulia. Homa, kidonda chekundu, cha moto, kinachotoa usaha, harufu, au kinachoachana, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, kutapika na tumbo kujaa, kubanwa kifua au kuhema, mguu mmoja kuvimba, damu nyingi kwa mzazi. Lolote kati ya hayo ni safari. Kidonda mara nyingi huanza kuonyesha vibaya kati ya siku ya tano na ya kumi, wakati nyote mmeshapumua na mgonjwa ameruhusiwa.

Kwa watu wa visiwani, vyombo vingi husubiri maji yajae kupita Mkanda, ule mlango wa maji kati ya Manda na bara, kwa hiyo homa iliyoanza jioni huenda ikangoja safari ya asubuhi. Kabla ya kutoka wodini chukueni namba ya simu ya wodi, na mkubaliane na mwenye boti mapema. Mkipiga simu, nesi atawaambia kama mnaweza kuanzia zahanati iliyo karibu.

Nikiombwa kujiunga na utafiti, nifanye nini?

Watu wa Malindi wamewazoea watafiti; kituo cha utafiti cha KEMRI (taasisi ya serikali ya utafiti wa tiba) na Wellcome (shirika la Uingereza) kiko Kilifi tangu 1989. Una haki ya kusomewa kila kitu kwa lugha unayoielewa, Kiswahili au Kigiriama. Uliza: mnajaribu nini, hatari ni ipi, nikipata madhara nani atanitibu na kwa gharama ya nani, na damu yangu mtaifanyia nini. Unaweza kukataa. Unaweza kukubali leo na kujitoa kesho, na matibabu yako yataendelea vilevile. Ukitaka kwanza kwenda kushauriana na mumeo, mama au mjomba, sema hivyo. Ukitia sahihi au dole gumba, dai nakala ya fomu yenye namba ya simu ya kamati ya maadili, uiweke pamoja na kadi yako ya hospitali.